Kitufe cha Kwanza Kiseme "Sitaki!"

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kusema akipewa kitufe cha sauti, kile kinachorekodi maneno na kuyatoa kikibonyezwa, watu wazima huwahi kurekodi "Naomba maji" na "Nataka chooni." Ni ya lazima, sikatai. Lakini mtoto huyo pia hukasirika, huogopa, huona aibu. Akikosa pa kuyatolea hayo anaweza kujiuma mkono au kupiga kichwa ukutani, nasi tukamwita mtukutu. Kwangu mimi, kitufe cha kwanza kiseme "Sitaki!"

Sauti iwe ya mtoto mwenzake, wa rika na jinsia yake, isiwe ya mwalimu. Wala asisome; aseme kama aliyechukia kweli. "Nimekasirika" iliyotamkwa kama taarifa ya habari haibebi hasira. "Aka!" au "Aa, niache!" hufaa zaidi, maana ndivyo watoto wanavyosemezana uani. Zima feni, rekodia chumba chenye godoro na mapazia kupunguza mwangwi, kifaa kiwe shubiri moja kutoka mdomoni. Vifaa vingine huchelewa kuanza kurekodi: msemaji asiposubiri kidogo baada ya taa kuwaka, "Sitaki" hutoka "taki" tupu, na hakuna atakayeelewa.

Anza na vitufe viwili tu, "Sitaki" na "Nimefurahi." Vikae palepale kila siku, upande wa mkono anaoumudu, ili mkono uzoee mahali. Siku za mwanzo mtu mzima ndiye abonyeze, papo hapo hisia inapozuka: uji umemchoma, bonyeza. Baadaye subiri. Hesabu kimoyomoyo hadi 10. Wengi hufika 3 wakamshika mkono, na mtoto akazoea kubonyezewa. Sauti ikianza kukwaruza, badili betri kwanza kabla ya kulaumu kifaa.

Linaloniuma ni hili: mtoto akibonyeza "Sitaki" mara 20 asubuhi moja, kitufe hufungiwa kabatini kwa kuwa "kinasumbua darasa." Huko ni kumziba mdomo. Punguza sauti, kitufe kibaki. Akikataa uji, bakuli liondoke mara moja, hata kama unajua ana njaa. Lirudi baada ya dakika 5. Asipoona neno lake limebadili kitu atarudia kujiuma, kwani akijiuma watu humkimbilia. Na kwa dawa, ambayo haina budi kumezwa, mwambie: "Nimesikia, hutaki. Tunameza hii moja, kisha basi."