Bajeti ya mwezi na pesa ya siku

Mwezi wa kwanza, sikukuu zishatafuna kila kitu na watoto wanasubiri shule ifunguliwe, hapo lazima mtu akutumie ile karatasi ya bajeti kwenye simu. Mshahara uko juu, chini yake mgawo: asilimia 50 ya vitu vya lazima, 30 ya vitu unavyopenda, 20 akiba. Hesabu ya Wamarekani hiyo. Sina ugomvi nayo, ila kila nikiisoma najiuliza huyo mwenye 30 ya vitu anavyopenda anakaa Kampala ipi.

Ila nisikimbilie kucheka, maana watu wa bajeti wana hoja na mi mwenyewe ni wao nusu. Nimekulia kambini, baba alikuwa askari, Kiswahili ndio kilikuwa cha nyumbani na cha uwanjani, na kitu nachokumbuka vizuri kuliko vyote ni kile kitabu cha madeni pale dukani. Kila familia na ukurasa wake. Mshahara ukitoka, mama anapeleka pesa dukani kabla hajanunua hata kiberiti, anafuta deni lote, halafu kesho yake anaanza kukopa tena. Miaka na miaka. Hatukulala njaa, lakini sikuwahi kuona pesa ya baba ikiwa yetu hata siku mbili mfululizo. Kwa hiyo nilipooa nikanunua daftari la kurasa 48, nikamwambia mama watoto sisi tutaandika.

Na kuandika kulitufungua macho kweli. Chukua makaa tu. Tulikuwa tunanunua ya kopo, shilingi 2,000 za Uganda kila siku, na elfu mbili haiumi, unatoa tu kama nauli. Tukaja tukajikaza tukanunua gunia kwa laki moja na elfu kumi, mama watoto akachukua kipande cha makaa chenyewe akaandika tarehe ukutani nyuma ya mlango. Gunia lilitufikisha siku 68. Piga hesabu ya makopo kwa siku hizo: laki moja na thelathini na sita elfu. Elfu ishirini na sita zilikuwa zinaishia kwenye kopo, na sijataja sukari ya robo, mafuta ya kupima ya mia tano, sabuni ya unga ya pakiti ndogo. Maskini ananunua kwa bei ya juu kuliko tajiri, hilo halina mjadala, na toka rais alipotoa ile amri ya Mei 2023 ya kuzuia biashara ya makaa kutoka kaskazini, anayenunua kwa kopo ndiye wa kwanza kusikia bei ikipanda maana yeye kila asubuhi yuko sokoni.

Sasa upande wa pili. Kwenye mizigo tunayokaa, hizi nyumba za chumba kimoja kimoja zimepangana mlango kwa mlango huku Kireka, jirani yangu ni mama anakaanga chapati kwenye sigiri, jiko la makaa, pale steji ya boda. Nikamletea hilo somo la gunia nikiwa nimejaa raha kama mlokole mpya. Akanisikiliza mpaka mwisho, akageuza chapati, akasema, "Kaka, hiyo ni ya nyinyi wa mshahara. Mi nikizima sigiri saa nne usiku ndio najua leo nina nini." Siku ya jua anarudi na elfu kumi na tano, siku ya mvua elfu nne, siku ya wale jamaa wa kukimbiza wachuuzi anarudi na sigiri tu kama hawajaichukua. Hiyo laki na kumi ya gunia ataitoa siku gani? Akiitoa kwenye mtaji, kesho hakuna unga wa ngano. Kopo la 2,000 ni ghali, lakini linamuachia pesa mkononi, na pesa mkononi kwa mtu wa siku ndio biashara yenyewe. Sisi wa daftari tunamuona hana mpango kumbe ndio mpango huo.

Alafu kuna jambo ambalo watu wa kununua kwa jumla hawapendi kulisema: kitu kikiwa ndani kinaliwa. Tulikuwa tunatumia sukari kilo nne kwa mwezi tukinunua kidogo kidogo. Tukanunua kilo tano mara moja ili tuokoe, ikaisha tarehe 19. Hakuna mwizi aliyeingia, chai ilikuwa tamu tu, uji ulikuwa mtamu, na mgeni akija mtoto anaambiwa ongeza, ongeza. Na kwenye mizigo ukiwa na gunia mlangoni kila mtu analiona, jioni unasikia hodi, mama naomba makaa mawili ya kuwashia. Utakataa? Hao ndio wanakuangalizia watoto ukichelewa.

Tukija kwenye kukata matumizi, hapa ndio mi nakasirika kidogo na hawa washauri. Kukata kunasemwa kama vile kila nyumba ina kitambi cha kupunguza. 2022 vitu vilipanda, sabuni ya mche ikawa kama kitu cha harusi, mafuta ya kupikia usiseme, na siku ya wafanyakazi Mei mosi rais akasema kama mkate hakuna basi watu wale muhogo. Watu walichemka, wengine wakacheka. Muhogo ni chakula kizuri, nimeula toka utoto na nitaula, lakini wengi walishahama kwenye mkate zamani, walikuwa huko kwenye muhogo tayari, kwa hiyo unawaambia wahamie wapi? Kufika Oktoba mfumuko wa bei ukawa asilimia 10.7. Nikifungua daftari la mwaka ule naona mistari iliyokatwa na kalamu nyekundu: maziwa ya mtoto nusu lita, nyama ya Jumapili, mafuta ya kujipaka ya mama watoto, nywele zake. Mstari wangu wa kuangalia mpira kwenye kibanda na soda mbili haujaguswa mwaka mzima. Aliyeshika kalamu ni mimi. Hilo sikuliona wakati ule, nimeliona juzi natafuta kitu kingine, na nadhani ukichukua bajeti za nyumba nyingi ukaangalia kalamu iko mkono wa nani utajua mapema kitakachokatwa.

Umeme nao una vituko vyake. Kila mshauri atakwambia punguza umeme. Lakini bei ya Yaka, umeme huu wa kulipia kabla, haijapangwa hivyo. Uniti 15 za kwanza za mwezi ni 250 kila moja, hizo ni za kumsaidia mnyonge, kuanzia ya 16 mpaka 80 unalipa bei kamili ambayo imekuwa ikizunguka mia saba na kitu, halafu kuanzia 81 mpaka 150 inashuka, 412, makusudi kabisa ili watu wapikie umeme waache makaa. Yaani mwenye nyumba kubwa na sufuria ya umeme ya presha akipika maharage, uniti zake za mwisho ni rahisi kuliko za katikati, kwa hiyo yeye kuongeza matumizi ya umeme kidogo na kuacha gunia inaweza kuwa ndio kuokoa. Maharage kwenye sigiri ni masaa matatu, wote tunajua. Lakini mimi chumba changu nitafika 80 na nini, taa na simu? Na kwa hizi mizigo zetu mita ni moja, vyumba sita, zile 15 za mnyonge zinagawanywa na wanyonge sita, zikiisha mapema wote tunalipa bei kamili na mwenye nyumba anakusanya kwa kichwa. Basi ushauri uleule wa kupunguza umeme unaweza kuwa sawa kwangu na makosa kwa mtu wa barabara ya pili.

Sasa watu. Hapa ndio bajeti nyingi zinafia. Mchango wa msiba, mchango wa kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, shangazi amelazwa, mtoto wa kaka amerudishwa nyumbani sababu ya karo. Wale wa msimamo mkali wanasema jifunze kusema hapana, na kuna siku nawaelewa, maana ukituma pesa kwa simu unalipa kutuma, na yule akitoa anakatwa ada ya kutoa na juu yake kodi ya serikali ya nusu asilimia, hii iliyoanza 2018 ikiwa asilimia moja nzima mpaka watu wakapiga kelele ikashushwa. Lakini mtoto wangu wa pili alipofanyiwa upasuaji, hospitali iliyotaka pesa mbele ilizipata kutoka kwa nani? Kwa hao hao. Shangazi huyohuyo alituma elfu ishirini, na najua kwake elfu ishirini ni nini. Mi siiti hiyo pesa kuvuja tena. Ni bima, ila bima isiyo na karatasi, na kosa letu lilikuwa kuiandika kama ajali kila ikitokea, "dharura", "dharura", "dharura", wakati inatokea kila mwezi kama kodi ya nyumba. Siku hizi kwenye daftari ina mstari wake, tumeuita WATU, herufi kubwa. Una kiasi, na kikiisha nasema ukweli kwamba kimeisha mpaka mwezi ujao, na cha ajabu wengi wanakubali vizuri kuliko zile hadithi nilizokuwa nawatungia.

Nikipima pande zote mbili, mi naona ugomvi wa kuandika au kutoandika si wenyewe. Tatizo ni huo mwezi. Nani aliamua kwamba nyumba ya Uganda inaishi kwa mwezi? Mshahara ndio unaishi kwa mwezi. Nyumba yenye watoto hapa inaishi kwa muhula. Shule inafunguliwa mara tatu, Februari, halafu kati ya Mei na Juni, halafu Septemba, na kila ikifunguliwa si karo peke yake, kuna ile orodha: rimu la karatasi, mifagio, toileti pepa, sabuni, sukari, na yunifomu maana magoti ya watoto hayajui bajeti. Ukipanga kwa mwezi, Machi inaonekana nzuri kabisa, umebakiza laki na nusu, unajipongeza, unanunua redio. Aprili hivyohivyo. Halafu mwisho wa Mei unaingia kwa mkopo wa simu kulipa karo, na deni hilo linakula Juni na Julai, na mwisho wa mwaka unasema bajeti haifanyi kazi. Ilifanya kazi vizuri tu, ilikuwa inapima kitu kingine.

Tukafuta kurasa za mwezi. Sasa daftari lina ukurasa mmoja kwa muhula pamoja na likizo yake, juu kabisa tumeandika karo na ile orodha ya shule, tumegawa kwa wiki, na hiyo ya wiki inatoka kwanza kabla ya sukari na kabla ya mpira wangu. Kodi ya nyumba na maji bado ni vya mwezi, hapo mpango unayumba kidogo, siwezi kukudanganya. Na kushika pesa wiki 15 bila kuigusa si kitu cha mchezo, mi nimeigusa mara mbili, mara moja kwa sababu nzuri.

Jirani yangu wa chapati yeye alishafika huko zamani bila daftari. Yuko kwenye kikundi cha akiba, wanakutana Jumapili, sanduku la bati lina kufuli tatu na funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti, hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Anaweka 5,000 akipata, 2,000 siku za mvua, na hesabu ya kugawana wameipeleka mwisho wa Januari, makusudi, wiki moja kabla shule kufunguliwa. Hiyo ni bajeti ya mwaka mzima ya mtu ambaye mi nilikuwa namfundisha gunia la makaa. Si kwamba haina kasoro, ukikopa humo riba ni kumi kwa mia kwa mwezi, na mwaka jana mama mmoja alihama na deni lake wakabaki wanaligawana wao. Lakini kati ya sanduku lile na karatasi ya 50, 30, 20, ukiniuliza ipi imelipa karo nyingi zaidi hapa mtaani, wala sihitaji kufikiria.

Nilimuuliza kama naweza kuingia, nikasikia wananicheka, ati mtu wa mshahara anakuja kukopa tu. Mama watoto ndio wamemkubali. Kalamu pia anashika yeye siku hizi, na mstari wa mpira umebaki mechi moja kwa wiki, soda hakuna. Muhula wa tatu unafunguliwa Septemba. Karo ya mkubwa tumeshaweka laki mbili na themanini, bado laki moja na ishirini, na nyuma ya mlango tarehe ya gunia hili inaonyesha siku ya 51.