Halo Jones na vitabu sita tulivyodhulumiwa

Juzi kwenye grupu letu la wapenda katuni kuna jamaa kaandika, kwa kujiamini kabisa, kwamba 2000 AD, lile jarida la katuni za kisayansi la Uingereza, ni Judge Dredd tu, yule askari-jaji wa miji ya baadaye, waliobaki wasindikizaji. Nikaanza kumjibu, jibu likarefuka mno, nikaona nilihamishie hapa.

Dredd nampa heshima yake. Kaingia toleo la pili, Machi 1977, na mpaka leo yupo, kidevu kilekile, kofia haijavuliwa. Na mkinitajia Jaji Anderson, mwenzake anayesoma akili za watu, sibishi, yule dada yuko vizuri. Ila mkiniuliza stelingi wangu wa jarida lile ni nani, ni Halo Jones, msichana wa kawaida tu wa karne zijazo, na nafasi ya pili iko mbali.

Mwandishi Alan Moore na mchoraji Ian Gibson walimleta mwaka 1984, kwenye jarida ambalo ukifungua ukurasa wowote kuna mtu anapasuliwa kichwa. Kisa chake kilitoka humo kwa awamu walizoziita vitabu, na kitabu cha kwanza wakakijenga juu ya safari ya dukani. Sitanii. Halo anaishi kwenye Hoop, pete ya makazi inayoelea pembeni ya Manhattan, New York, walikorundikwa wasio na ajira ili wenye nazo wasiwaone. Kwenda kununua mahitaji kule kunapangwa kama operesheni ya jeshi, na wanabeba maguruneti yasiyoua, yanayomtuliza adui mpaka asahau alikuja kugombania nini. Wanarudi, rafiki yao Brinna kauawa ndani. Halo hatoi hotuba wala haapi kulipiza kisasi. Anatafuta kazi ya uhudumu kwenye chombo cha anga, anaondoka.

Ndiyo, kurasa za mwanzo zinachosha, misimu ya mtaani inamwagwa bila maelezo. Wasomaji wa wakati ule walinuna na siwalaumu sana. Vumilieni tu mfike kitabu cha tatu, Halo akiwa askari vitani kule Moab, sayari yenye mvutano mzito kiasi kwamba muda wenyewe unapinda: askari anapigana dakika chache, akitoka anakuta nje dunia imeshasonga.

Kilichonipandisha hasira hasa ni hiki. Vitabu vilipangwa kuwa tisa. Vilitoka vitatu, cha mwisho 1986, basi. Moore na kampuni iliyochapisha jarida waligombania haki miliki, kampuni ikakataa kulegeza, Moore akaondoka. Utaratibu wa enzi zile ulikuwa hivi: unaletewa hundi, nyuma yake kuna maneno, ukisaini ili upate hela yako umeshauza kila kitu. Mtu ana kodi ya nyumba, atasoma nyuma ya hundi? Anasaini! Na hongera nyingi kwa mabwana wale, walibaki na mwanamke ambaye theluthi mbili za maisha yake zipo kichwani kwa mtu waliyemfukuza kwa ubahili. Ni kama kumnyang'anya fundi cherehani halafu ukakaa kusubiri shati.

Mtaniambia Moore naye ni mgumu, hasahau wala hasamehi. Sawa, ni mgumu. Kwani ugumu wake ndio ulioandika masharti yale?

Kampuni ya Rebellion, walionunua jarida mwaka 2000, wanalitunza vizuri, hilo siwezi kuwanyima. Mwaka 2018 wakamtoa Halo upya kwa rangi. Mimi nabaki na nyeusi na nyeupe; mistari ya Gibson haikuhitaji kupakwa kitu. Gibson alifariki 2023, kwa hiyo hata wakipatana kesho, mkono ule haupo tena.

Tulichoachiwa ni Halo akiwa na umri wa kutosha kuchoka. Vita vimekwisha, kagundua jenerali aliyekuwa mpenzi wake alihusika na unyama gani, kamwacha afe, kachukua chombo kaenda zake. Jamaa wa grupu, kitabu chote kinasomeka Jumamosi moja. Kisome, halafu njoo unitajie kisa kimoja cha Dredd kinachofikia pale. Kimoja tu.