Mikia ya maneno ya sayansi: -ose, -itis, -ium na wenzake, tuiamini au tuiache?

Angalia haya maneno mawili ya Kiingereza, lactose na lactase. Tofauti ni herufi moja tu, ila la kwanza ni sukari ya kwenye maziwa na la pili ni kimeng'enya kinachoikata hiyo sukari, na ukishajua -ose ni sukari na -ase ni mkataji basi maltose na maltase, sucrose na sucrase unazipata bure bila kufungua kamusi. Hiyo ndo hoja kubwa ya wanaosema usikariri maneno ya sayansi, kariri mikia yake, au viambishi tamati kama tulivyofundishwa darasani. Na sisi tuliozoea maana kukaa mbele, mtu watu, kitu vitu, ushauri huu unatusaidia kweli, maana kule unaweza kusoma neno zima na usijue kama ni ugonjwa, madini au dawa mpaka ufike mwisho.

Wa upande wa pili wanasema mikia inadanganya. Mi naona wana ushahidi mzuri, kwa sababu ukifuatilia ilikotoka unakuta mingine hata haikuwa mikia. Chukua hiyo hiyo -ase. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Payen na Persoz, walipata kwenye shayiri iliyooteshwa kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari, wakakiita diastase, kutoka neno la Kigiriki la kutenganisha. Sasa kwa Kigiriki neno lile linakatika kwingine kabisa, ni dia halafu stasis, -ase haipo, ila waliokuja baadaye wakakata walipoona panafaa wakaondoka na kipande, na leo maelfu ya vimeng'enya vinaishia na kipande hicho (pepsin na trypsin zimebaki na majina yao ya zamani, hazikuhama).

-itis nayo ina vituko vyake. Wagiriki walisema arthritis nosos, ugonjwa wa viungo, na hapo -itis ilifanya kazi kama hii "wa" yetu tu, haina habari ya kuvimba. Baadaye nosos ikadondoka, mkia ukabaki peke yake na madaktari wakaupa kazi mpya ya kuonyesha sehemu iliyovimba ikawa nyekundu na inauma. Ndo maana tendinitis inawasumbua, kano ya mtu inamuuma miezi na miezi, wakiichunguza uvimbe wenyewe mara nyingi hawauoni wa kutosha, siku hizi wengi wanapendelea kuandika tendinopathy, yaani kano ina tatizo, basi.

Halafu kuna helium. 1868 Lockyer, mwanaastronomia Mwingereza, aliona mstari wa njano kwenye mwanga wa jua ambao haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana, akadhani ni metali, akabandika -ium kama ya sodium na calcium. Mkemia Ramsay akaja kuipata duniani 1895 na kumbe ni gesi, ndugu yake neon na argon, ilitakiwa iishie na -on kama wenzake lakini jina lilikuwa limeshazoeleka. Vitamini ni hivyo hivyo, mkemia Casimir Funk aliandika vitamine mwaka 1912 akidhani zote ni amine, aina ya kemikali zenye nitrojeni, ilipoonekana sio zote mwanasayansi mwenzake Drummond akapendekeza 1920 ile e ya mwisho ifutwe ili neno lisiendelee kusema uongo. Kwa hiyo kwangu mkia unakwambia aliyetoa jina alikuwa anaamini nini siku ile, hiki kitu chenyewe kikoje ni suala lingine.

Lakini nisiwaonee wa upande wa kwanza, kuna sehemu mikia ina walinzi. Wakemia wa Ufaransa, Lavoisier na wenzake, walikaa 1787 wakapanga kwamba sulphate ina oksijeni zaidi ya sulphite, na mpaka leo inashika, ingawa mkia hausemi atomu ngapi za oksijeni, sulphate ina nne na nitrate ina tatu. Kwenye dawa Shirika la Afya Duniani ndo linagawa mikia, captopril na lisinopril ni familia moja ya dawa za presha, na -mab, mkia wa dawa za kingamwili zinazotengenezwa maabara, ilipojaa mno 2021 wakaigawa kuwa minne mipya. Hapo nakubali, kariri. Ila hata hapo wapo wanaopenya, -olol ni dawa za kupunguza kasi ya moyo, sasa stanozolol je? Hiyo ni steroidi ya kujaza misuli, ile iliyomvua Ben Johnson dhahabu ya Olimpiki ya Seoul 1988.

Ninapoona hatari kabisa ni -oma, kwa sababu huo mkia wanausoma wagonjwa wenyewe. Jamaa yangu alijigonga paja, akapimwa, karatasi ikaandikwa hematoma, na yeye alishasoma mahali kwamba carcinoma na lymphoma ni kansa, basi usiku kucha hakulala, asubuhi ananipigia sauti imekauka anauliza -oma yake ni ya hatua ya ngapi. Nikamwambia acha mkia, soma mbele, hemat- ni damu. Ni damu iliyovilia tu.