Mkono Kwenye Kitasa: Machozi ya The Bridges of Madison County

Mvua inapiga kioo cha mbele, wipa zinapangusa, taa ya barabarani imewaka nyekundu. Francesca Johnson amekaa ndani ya pikapu pembeni ya mumewe. Mbele yao limesimama gari la Robert Kincaid, mwanamume aliyempenda kwa siku nne, na anamwona akitundika kwenye kioo cha ndani ule mkufu aliompa. Taa inageuka kijani. Gari la mbele haliondoki. Indiketa ya kushoto inawaka na kuzima. Mkono wa Francesca umekamata kitasa cha mlango, unakivuta kidogo, bado kidogo tu mlango ufunguke. Mume, asiyejua lolote, anapiga honi.

Hilo ni tukio la filamu ya 1995 aliyoiongoza Clint Eastwood, akaigiza humo yeye mwenyewe pamoja na Meryl Streep. Wahakiki waliligombania tangu siku za mwanzo na wanaligombania mpaka leo. Wapo wanaoona kwamba hapo sinema ya mapenzi ilifika mahali inapofika mara chache sana. Wapo wanaosema hapo ndipo mtazamaji anapokamuliwa machozi kama ng'ombe anavyokamuliwa maziwa, kwa mikono yenye mazoea. Nimeyasoma maoni ya pande zote mbili kwa miaka, na naona wengi wameshikilia swali jepesi, la kama filamu inaliza kwa haki au kwa hila. Linalonisumbua mimi ni gharama ya machozi hayo: nani anailipa, na je, filamu yenyewe inamwona huyo mlipaji?

Kisa ni chepesi kukisimulia. Mwaka ni 1965, mahali ni shamba katika wilaya ya Madison, jimbo la Iowa. Francesca ni Mwitaliano wa Bari aliyeolewa na askari wa Kimarekani baada ya vita na kuja kuishi katikati ya mashamba ya mahindi. Mumewe Richard na watoto wao wawili wanakwenda kwenye maonyesho ya kilimo ya Illinois, yeye anabaki. Anapita Kincaid, mpigapicha wa jarida la National Geographic, kapotea njia, anaulizia daraja la Roseman, moja ya yale madaraja ya mbao yaliyoezekwa paa. Siku nne baadaye anamwomba waondoke pamoja. Francesca anafunga mizigo, kisha anabaki. Watoto wake wanalijua jambo hili baada ya mama kufa, kwa kusoma daftari alizowaachia na wosia wake kwamba achomwe na majivu yake yamwagwe pale darajani.

Ili kuelewa kwa nini wahakiki walipokea filamu hii kwa mshangao, lazima kukumbuka kitabu. Riwaya ya Robert James Waller ilitoka 1992 na ikauzwa kwa mamilioni ya nakala, ikakaa zaidi ya miaka mitatu kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya New York Times. Wasomaji waliililia, wahakiki wakaidharau. Walikuwa na sababu. Waller alimfanya Kincaid awe nusu mtu nusu mzimu wa porini, mwanamume wa mwisho wa aina yake duniani, ambaye haongei ila kwa mafumbo juu ya barabara na ndege na bahari. Karibu kila ukurasa unamwambia msomaji: tazama jinsi alivyo wa ajabu. Mtu mzima akisoma maneno yale kwa sauti mbele ya wenzake, ataona haya.

Mwandishi wa skripti, Richard LaGravenese, alifanya kazi mbili kubwa. Aliyafyeka yale maneno, na akaihamisha hadithi kutoka kwa mwanamume kuipeleka kwa mwanamke. Hapo Eastwood, ambaye watu walimjua kwa bastola na kofia pana, akaongeza ukimya. Basi Juni 1995 wahakiki wakaingia ukumbini wakitarajia kitabu, wakakutana na kitu kingine. Roger Ebert aliipa nyota tatu na nusu kati ya nne. Janet Maslin wa New York Times aliona kwamba Eastwood amechimba hadithi ya kweli ya mapenzi kutoka chini ya majisifu ya Waller. Wafaransa walikwenda mbali zaidi: jarida la Cahiers du cinéma liliiweka miongoni mwa filamu bora kabisa za miaka ya 1990. Mapato yalipita dola milioni 180 duniani kote. Oscar waliitaja katika kipengele kimoja tu, cha mwigizaji bora wa kike, na Streep akashindwa na Susan Sarandon.

Sifa hizo nyingi zilikuja kwa sura moja, kwamba mwongozaji kaiokoa hadithi mbovu. Nakubali nusu yake. Ukiifuata hoja hiyo mpaka mwisho, utadhani machozi yenyewe ndiyo yaliyokuwa ugonjwa na Eastwood ndiye aliyeleta dawa. Lakini filamu haikupunguza hisia hata chembe. Ilichobadilisha ni mahali pa kuziweka. Kuna mlango wa jikoni wa wavu ambao mume na mtoto wa kiume huuachia ukajipigiza kwa kishindo, kila siku, hata wakiombwa wasifanye hivyo. Anapokuja Kincaid, anaushika na kuurudisha polepole. Hakuna anayelisemea jambo hilo neno. Baadaye Francesca yuko kwenye simu, jirani yake Madge anaongea upande wa pili, na Kincaid amekaa kwenye kiti mbele yake. Huku akimjibu Madge, mkono wake unakwenda peke yake kwenye ukosi wa shati la mwanamume yule, kana kwamba unaweka sawa nguo ya mtu wa nyumbani, kisha unatulia pale begani. Naye anaupandisha mkono wake na kuugusa. Mazungumzo ya simu yanaendelea. Mtu aliyewahi kupenda kwa siri anaujua mkono ule, na atakubali kwamba hajadanganywa.

Wasioipenda nao wana hoja nzito kuliko ile ya machozi mepesi. Wanasema filamu hii ni ndoto ya raha isiyo na deni. Francesca anapata siku nne za mapenzi ya kilele, kisha anapata pia heshima ya mke aliyebaki kwa ajili ya watoto. Anakula huku na kula kule. Na kwa kuwa mapenzi yanakatika siku ya nne, hayapati nafasi ya kuchakaa. Hatumwoni Kincaid akikoroma, akisahau kulipa umeme, akiachia mlango ukajipigiza. Upande wa wanawake wanaharakati wanaongeza kwamba sadaka ya mama imepambwa maua ili ionekane takatifu, wakati ukweli ni kwamba mwanamke huyu amezikwa akiwa hai jikoni kwa miaka ishirini mingine.

Hoja hii ya deni sikuipata kwanza kwenye magazeti. Niliipata kwa mama yangu mkubwa. Tuliitazama filamu hii nyumbani kwake kwa mkanda wa video, yeye kashika sinia la mchele anachambua. Lilipofika tukio la mvua mikono yake ikasimama, na nikaona macho yamejaa. Halafu akasema, akiwa bado anafuta machozi kwa ncha ya kanga: "Na huyu mume, mwanangu, kosa lake nini?" Nilikuwa kijana na sikuwa na jibu. Nilidhani anaikataa filamu. Miaka ilipopita ndipo nikaona kwamba alikuwa ameielewa kuliko mimi, maana alilia na kuuliza kwa wakati mmoja.

Kosa la Richard ni kwamba hana kosa. Hapigi, halewi, hana mwanamke mwingine. Filamu ingekuwa rahisi, na ya uongo, kama ingempa ubaya kidogo ili tumruhusu mkewe aondoke. LaGravenese na Eastwood walikataa njia hiyo, na kwangu hapo ndipo wale wanaosema hakuna deni wanapokosea. Francesca anapomweleza Kincaid kwa nini hawezi kwenda, analitaja jina la mumewe kama la mtu mwema ambaye maneno ya mji yatamuua. Anasema pia kwamba wakiondoka pamoja, siku nne hizi zitageuka kuwa kitu watakachokuja kulaumiana nacho. Yaani ile hoja ya wahakiki, kwamba mapenzi haya yangechakaa, imo ndani ya filamu, kinywani mwa mwenye mapenzi, na ndiyo inayomfanya abaki. Huwezi kuilaumu kwa kutojua jambo ililolisema yenyewe.

Wahakiki wengi walimpita mbio Lucy Redfield. Ni mwanamke wa mjini aliyejulikana kuwa na mume wa mtu. Anaingia kwenye mgahawa kunywa kitu, watu wote wananyamaza na kumtazama mpaka anaondoka. Kincaid, mgeni, anaiona aibu hiyo kwa macho yake, na anampigia Francesca simu kumwambia kwamba kama ana wasiwasi wa kuonekana naye, wasikutane. Dakika chache tu, lakini ndizo zinazoweka bei juu ya meza. Baada ya Kincaid kuondoka, Francesca anamwendea Lucy na wanakuwa marafiki wa miaka mingi. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Lucy alikohoa mbele za watu, akatengwa. Francesca alikizuia kikohozi chake kifuani mpaka kufa, na mtu pekee aliyeweza kukaa naye bila kuogopa kusikika ni yule ambaye mji ulishamaliza kumhukumu. Anayeiita hii ndoto tu, naomba airudie sehemu hii.

Kuna mahali nakubaliana na wakosoaji moja kwa moja. Watoto. Michael na Carolyn, sasa watu wazima wenye ndoa zinazoyumba, wanasoma daftari, wanakasirika, wanalainika, na mwishoni kila mmoja anakwenda kurekebisha maisha yake kwa somo la mama. Hapa filamu inaacha kutuamini. Tukio limetuumiza, halafu inamleta mtu kutuonyesha kwamba tumeumia na tufanye nini na maumivu hayo. Maigizo nayo yako chini ya yale ya wazazi. Hata hivyo nisingependa sehemu hiyo ya watoto iondolewe kabisa, kwa sababu ghadhabu ya Michael mwanzoni ni ya kweli: hakuna mtoto anayekubali haraka kwamba mama yake aliwahi kuwa mtu mwingine.

Umri ulisemwa sana wakati ule, na bado ni jambo kubwa. Streep alikuwa na miaka 45, umri wa Francesca kitabuni. Eastwood alikuwa na 64, wakati Kincaid wa Waller ana 52. Wapo waliomwona mzee mno, na katika tukio la kucheza muziki jikoni unaweza kuwaelewa. Lakini uso wake wa makunyanzi una kazi pale kwenye mvua, nywele chache zimelowa na kulala kichwani, mtu mashuhuri akikubali kuonekana amechoka na ameachwa. Streep kwa upande wake aliongeza uzito wa mwili, akampa Francesca mwendo wa mtu anayesimama jikoni siku nzima, na ile tabia ya kugusa uso wake mwenyewe anapoona haya. Sinema kubwa za Marekani zilikuwa na nafasi ndogo kwa tamaa ya mwanamke wa umri huo, isipokuwa kama kichekesho au balaa. Yeye anaoga katika beseni ambalo mgeni ametoka kuoga, anatazama matone yaliyobaki kwenye bomba, na filamu inampa muda wa kufikiri. Sioni hila hapo.

Namrudia Richard, kwa sababu ya lile swali la mama mkubwa. Miaka baada ya zile siku nne yuko kitandani, mgonjwa wa kufa, Francesca anamuuguza. Richard anamwambia mkewe anajua kwamba naye alikuwa na ndoto zake, na anasikitika kwamba hakuweza kumpa. Halafu anamwambia anampenda. Filamu haisemi alijua nini. Huenda alijua kila kitu, huenda alijua tu kwamba kuna chumba ndani ya mkewe ambacho hakuwahi kukaribishwa. Wahakiki waliandika kurasa juu ya kitasa cha mlango, na mimi pia kwa miaka nilikuwa sioni kingine. Siku hizi nikiitazama, gari la Kincaid likishakata kushoto na kupotea kwenye mvua, macho yangu yanahamia upande wa usukani. Mkewe analia pembeni yake bila kujizuia. Anamuuliza ana nini. Anaambiwa asubiri kidogo tu, naye anaendelea kuendesha, kuelekea nyumbani.