Miksi Isiyobagua

Miksi nyingi zinazozunguka Mombasa hutangaza ukoo wake tangu kwenye jina. Miksi ya rege. Miksi ya bongo. Miksi ya gospeli, ya amapiano, ya zilizopendwa. Panda matatu ya Kongowea asubuhi au ya Mtwapa usiku; ukishasikia nyimbo mbili za mwanzo, umeshazijua zitakazofuata mpaka utakaposhuka. Zina kazi yake miksi hizo. Safari inakuwa fupi, dereva halali, na abiria wa nyuma anaimba. Lakini ninachokitafuta mimi kwa DJ ni kitu kingine, na nasikitika kwamba mji huu, ambao ungestahili kuongoza katika jambo hilo, haujakitoa.

Nataka miksi ya mchanganyiko wa kweli, tena iwe albamu: DJ akae na muziki wa kila aina alioukusanya kwa miaka, achague nyimbo ambazo hakuna aliyewahi kufikiri zitakaa chumba kimoja, azipange, azishone, kisha aifunge kazi yake iwe na mwanzo na mwisho.

Walioonyesha njia wapo. Mwaka 1995 Waingereza wawili, Matt Black na Jonathan More wa kundi la Coldcut, walitoa albamu katika mfululizo wa Journeys by DJ, wakaiita 70 Minutes of Madness. Mna hip-hop mle, mna jungle, ule muziki wa Uingereza wa ngoma za kasi, mna piano ya Harold Budd iliyotulia kabisa, mna Jello Biafra, mwimbaji wa punk wa Marekani, akihutubia, na mna muziki wa kufungulia Doctor Who, kile kipindi cha televisheni cha BBC. Ukisomewa orodha hiyo mezani utaona fujo. Ukiisikiliza, kila kinachoingia kimefunguliwa mlango na kilichotangulia.

Ufundi wenyewe uko hapo mlangoni, na si uchawi. Jungle hukimbia kwa mapigo kama 160 hadi 170 kwa dakika. Nusu ya 170 ni 85, na hapo ndipo hip-hop nyingi inapotembea. Kwa hiyo muziki unaoonekana wa haraka mno na ule unaoonekana wa polepole mno vinaweza kupigwa kwa wakati mmoja bila kugongana. Mmoja unapiga hatua mbili mwenzake anapopiga moja. Asiyejua hesabu hiyo atakwambia nyimbo hizo hazichanganyiki. Anayeijua anakuvusha kutoka upande mmoja hadi wa pili, nawe hujui umevukaje.

Miaka saba baadaye, 2002, ndugu wawili wa mji wa Ghent nchini Ubelgiji, David na Stephen Dewaele, wanaojiita 2manydjs, walitoa As Heard on Radio Soulwax Pt. 2. Hiyo nayo ni shule. Wamemchukua Dolly Parton, mwimbaji wa kantri anayependwa Kenya nzima, wakaiweka sauti yake juu ya muziki wa kompyuta wa Röyksopp kutoka Norway. Wamewachukua wasichana wa rap wa Salt-N-Pepa wakawakutanisha na gitaa chafu la bendi ya roki ya The Stooges. Hakuna kati ya hao aliyemrekodia mwenziwe, lakini ukishawasikia pamoja hutaki tena kuwatenganisha.

Mapenzi yangu kwa albamu za namna hii yanatokana na hilo hasa. Kila mmoja wetu ana muziki aliouwekea kizuizi. Mwengine hataki kusikia kantri, mwengine rege ni ya wavuta bangi, mwengine taarab ni ya wazee. Wimbo ukija peke yake, kizuizi kinafanya kazi: unauruka. Ukija umeshikwa mkono na wimbo unaoupenda, ukiwa umeshaingia mwilini kabla hujaujua jina, huna tena pa kuukatalia. Nina shangazi ambaye kwake hip-hop ilikuwa makelele tu. Alitulia siku aliposikia besi ya hip-hop ikibaki peke yake chini ya sauti ya mwanamke wa Kihindi. Akauliza ni nani yule anayepiga. Hakuuliza ni muziki wa aina gani.

Programu za simu haziwezi kazi hii, na sisemi kwa kuchukia simu. Zimejengwa kufuata mfanano: waliopenda huu walipenda na ule, basi chukua na ule. Zinakupeleka kwa jirani wa jirani, hatua ndogo ndogo, na mwisho unajikuta mtaa uleule. DJ mwenye masikio anasikia udugu ambao haujaandikwa popote kwa sababu hakuna aliyewahi kuzisikiliza nyimbo hizo mbili pamoja kabla yake. Anabahatisha kwa jina lake mwenyewe. Akikosea, tunajua nani kakosea, na akipata, sifa ni zake.

Sasa turudi Mombasa, maana hapa ndipo maneno yananiuma.

Mji huu umekuwa ukichanganya muziki tangu kabla ya mashine za DJ kufika. Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab aliyefariki 2014, alizichukua tuni za filamu za Kihindi akazitilia mashairi ya Kiswahili, na watu wa hapa wakalia nazo kama zao, kwa sababu zilishakuwa zao. Zein l'Abdin alilipiga udi kwa namna ambayo Uarabu na Lamu vilikuwa kitu kimoja mkononi mwake. Mombasa Roots waliichukua chakacha, ngoma ya wanawake ya harusini, wakaipeleka kwenye disko na gitaa za umeme miaka ya 1980. Mzee Ngala na saksafoni yake alitupa bango, muziki ambao ukiusikiliza vizuri unasikia rumba, unasikia taarab, unasikia ngoma za Pwani, na bado ni bango. Hata leo, nenda kwenye kupamba, ile sherehe ya wanawake ya harusini, popote Mji wa Kale au Majengo: Kihindi kinapigwa, Kiarabu kinapigwa, taarab ya kisasa, bongo fleva, chakacha, na kina mama hawauliziani kwa nini. Masikio ya mji yako tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kuyachukua hayo yote, kuyafanyia kazi kwa subira na kuyatoa kama albamu, badala ya kuyaacha yapotee na usiku wa harusi.

Najua ugumu uko wapi, na haufai kupuuzwa. Taarab ya zamani haikurekodiwa kwa kufuata mashine ya kuhesabu mapigo. Bendi inaanza taratibu, mwimbaji anachangamka, mpaka ubeti wa tatu kasi imepanda. DJ wa kuichanganya lazima mkono usitoke kwenye santuri, aisukume na kuivuta hatua kwa hatua. Zamani kulikuwa na mpaka mwengine: slaidi ya kasi ya mashine ya santuri ya Technics SL-1200MK2 inaongeza au kupunguza asilimia 8 tu, na ukiisogeza, sauti ya mwimbaji inapanda au kushuka pamoja nayo. Siku hizi programu inabadilisha kasi bila kuigusa sauti, kwa hiyo kisingizio hicho kimekwisha. Kilichobaki ni maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Baadhi ya maqamu za Kiarabu zina sauti zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya piano. Ukimwingiza mpiga udi juu ya wimbo uliojaa kinanda, watagombana na msikilizaji atakunja uso hata kama hajui sababu. Dawa ni kungoja. Nyimbo nyingi zina mahali ambapo ala nyengine hunyamaza zikabaki ngoma. Mlete mpiga udi hapo.

Chakacha ndiyo inayonipa hamu kuliko zote. Inahesabiwa kwa tatu-tatu: ndani ya kila pigo zito mna vipigo vidogo vitatu. House, ule muziki wa klabu wenye ngoma kubwa isiyokatika, inahesabiwa kwa nne. Wengi huishia hapo wakasema haziendi pamoja. Lakini yale mapigo mazito ya chakacha nayo yanaweza kuwekwa manne-manne, yakakaa juu ya ngoma kubwa ya house pigo kwa pigo, na vile vipigo vitatu vikaendelea kuchezacheza ndani yake. Kiuno na mguu vinapata kazi tofauti kwa wakati mmoja. Yeyote aliyewahi kuwaona kina mama wakicheza chakacha anajua kwamba kiuno hakiogopi hesabu ngumu.

Kwa ma-DJ wetu nina maombi mawili, na nayasema kwa mapenzi. La kwanza ni kupunguza kelele juu ya muziki. Ile sauti ya kutaja jina la DJ kila nusu dakika ni kinga dhidi ya wezi wa miksi, naielewa, lakini inaua daraja palepale linapojengwa. La pili ni kuacha kukata nyimbo vipande vipande. Nyimbo sitini kwa saa moja zinaonyesha wepesi wa vidole. Hazionyeshi kwamba umezisikiliza. Uache wimbo useme ulichokuja kusema, halafu uutoe.

Na iwe albamu, yenye kikomo. Sidii (CD) ilikuwa na dakika 74, baadaye 80, na ufinyu huo uliwalazimisha watu kuchagua. Klabu ya Fabric ya London ilianza kutoa albamu za miksi mwaka 2001, na mifululizo yake miwili, Fabric na FabricLive, ikafika toleo la 100 kila mmoja mwaka 2018. Toleo la saba la FabricLive, la 2002, lilipewa John Peel, mtangazaji wa redio ambaye maisha yake yote hakukubali kufungiwa katika aina moja ya muziki. Miksi ya saa nne inayopakiwa mtandaoni leo haijachaguliwa, imerekodiwa tu. Tena mara nyingi inafutwa kesho kwa sababu ya haki za wenye nyimbo.

Na hilo la haki ndilo litakaloamua kama albamu ya Mombasa itapatikana. Ndugu wa Ghent walilazimika kuomba ruhusa ya nyimbo zaidi ya 100, na si chache walizonyimwa. Kwetu kazi ni ngumu kwa namna nyengine: hapa hakuna kampuni kubwa ya kuiandikia barua. Kuna familia za waimbaji, kuna waliorithi maduka yaliyokuwa yakirekodi na kuuza kanda, Mbwana Radio Service na mengineyo, na kuna makabati ya watu ambamo kanda zinaliwa na ukungu wa unyevu wa Pwani mwaka baada ya mwaka. DJ atakayetaka kuifanya kazi hii itabidi apige hodi, akae barazani, anywe kahawa, aeleze nia yake, aandikiane na wenyewe, na awalipe. Jina la kila mwimbaji na kila mpigaji liandikwe kwenye jalada, la mpiga fidla na la mpiga dumbaki pia. Mazungumzo hayo inafaa yaanze mwaka huu, maana wanaokumbuka nani alipiga fidla kwenye kanda gani ni wazee, na wengi wao wameshaondoka.