Kisanduku Kimekufa, Faili Hazijafa

Kuna jibu moja la wahudumu wa wateja linalonichoma kila nikilisikia: nunua kifaa kipya, chomeka diski zako za zamani, kikikuuliza kama kiziandae upya, kubali. Juzi kapewa rafiki yangu, mpiga picha za arusi, ambaye NAS yake ya diski nne (kisanduku cha kuhifadhi faili kinachounganishwa kwenye mtandao) ilizimika usiku na haikuwaka tena. Humo mlikuwa na picha za watu ambao baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki. Angekubali, kifaa kipya kingezigawa diski upya na kuanza kuandika juu ya kazi yake ya miaka yote. Aliyemjibu hakuwa na nia mbaya, naamini. Lakini hakuuliza hata kidogo kama kuna nakala nyingine mahali popote, na hilo lilipaswa kuwa swali la kwanza.

NAS ikifa, mara nyingi kilichokufa ni kisanduku tu. Adapta imeungua, au ubao mama umeharibika, na diski zenyewe ni nzima. Mwaka 2017 ilijulikana kwamba chipu za Intel Atom C2000 zina kasoro inayodhoofisha mawimbi yake ya saa polepole, mpaka siku moja kifaa kinagoma kuwaka. Baadhi ya modeli za Synology, kampuni inayotengeneza NAS, zilikuwa na chipu hizo. Kasoro ile haikugusa diski hata kidogo, kwa hiyo aliyetupa diski zake kwa sababu kifaa hakiwaki alitupa faili zilizo salama.

Na ndani ya diski hizo hakuna uganga. Vifaa vingi vya aina hii vinaendeshwa na Linux: md, sehemu ya Linux yenyewe, inaunganisha diski ziwe safu moja, mara nyingi juu yake kuna LVM ya kugawa nafasi, halafu ext4 au Btrfs, yaani mfumo wa kupanga faili. Hata ile SHR, namna ya Synology ya kuunganisha diski, ni md na LVM vilivyopangwa kwa akili. Ukichomeka diski yake kwenye kompyuta utakuta sehemu mbili ndogo mwanzoni, moja ya mfumo na moja ya swap (nafasi ya akiba ya kumbukumbu), kisha sehemu kubwa yenye data. Usihangaike na zile ndogo. Kompyuta yenye nafasi za kutosha za SATA za kuchomekea diski na flashi ya kuwashia Linux vinatosha kuanza kazi.

Sasa hapa ndipo nataka tuelewane, maana ndipo faili zinapopotea. Usiandike chochote kwenye diski hizo. Chochote! Kifaa kinapozima, faili bado zipo. Kinachoziua ni ile saa ya kwanza ya mwenye mali kuhangaika. Anachomeka diski kwenye Windows, Windows haielewi inachokiona, inamtolea dirisha la kumwomba afomati, naye kwa hofu anabonyeza ndiyo. Mwingine anachomoa diski zote bila kuandika ipi ilikuwa nafasi ya ngapi. Mwingine anakuta mahali maelekezo ya kutumia mdadm, programu ya kusimamia md, yenye neno create, anayanakili kama yalivyo. Amri hiyo inaandika vichwa vipya vya safu, na kama mpangilio wa diski, ukubwa wa vipande au mahali data inapoanzia havilingani na vya awali, md inaanza kusawazisha pariti (data ya ziada ya kukokotolea kipande kilichopotea) na kuandika takataka juu ya kilichokuwa kizima. Amri ya kufufua safu iliyopo ni assemble, na iende pamoja na readonly. Anayekufundisha create kama hatua ya kwanza anacheza na mali isiyo yake.

Cha kwanza ni kusoma tu. Kwenye diski za rafiki yangu tulipitisha mdadm na neno examine kwa kila moja, tukaweka majibu bega kwa bega. Diski tatu zilikuwa na hesabu moja ya matukio (namba inayopanda kila safu inapobadilika) na muda mmoja wa mwisho wa kuandikwa, usiku ule ule kifaa kilipozima. Ya nne ilikuwa nyuma kwa miezi mitano. Maana yake ilishatolewa kwenye safu zamani, kifaa kikaendelea kufanya kazi kwa tatu zilizobaki, na taarifa ya hitilafu ikaishia kwenye ukurasa ambao hakuna aliyeufungua. Kwa RAID 5 ya diski nne (RAID ni mtindo wa kuunganisha diski kadhaa, na ya 5 huvumilia kupoteza moja), tatu zinatosha. Kipande kinachokosekana kinakokotolewa kutoka kwa vilivyopo. Lakini safu ile ingeundwa upya kwa diski zote nne kana kwamba zote ni sawa, data ya miezi mitano iliyopita ingechanganyika na ya jana, na kila faili iliyobadilika katikati ingetoka imeharibika. Mistari miwili ya maandishi ndiyo iliyotuonyesha hilo, na kuisoma hakukubadilisha hata biti moja.

Cha pili ni kunakili diski nzima nzima kabla ya kugusa safu. Tumia ddrescue ya GNU. Inaanza na sehemu zinazosomeka kwa urahisi, inaruka zilizo mbovu, kisha inazirudia mwishoni, na inaweka faili ya ramani ili umeme ukikatika uendelee ulipoishia. Majaribio yote yafanyike juu ya nakala. Najua, unahitaji nafasi sawa na diski zote ulizo nazo, na si kila mtu anaweza kuipata. Haya, kama huwezi, na diski zinasomeka bila malalamiko, unganisha safu kwa kusoma tu, na kama ni ext4 ifungue kwa ro (kusoma tu) pamoja na noload (usiguse jarida). Bila noload, ext4 inaweza kuandika kwenye diski yaliyobaki katika jarida lake, yaani kumbukumbu ya mabadiliko ambayo hayajakamilika, hata kama umeiambia ro. Sipendi njia hii, ila ni afadhali mara mia kuliko kubonyeza kitufe cha kuandaa upya. Sisi tulitumia nakala, na picha zilitoka na majina yake na folda zake.

Diski inayogonga au kukwaruza izime na uiache. Hiyo ni kazi ya maabara, na gharama yao, ingawa inauma, ina sababu.

Kama ulisimba data, ufunguo au nywila iwe mahali nje ya NAS, la sivyo yote niliyoandika hayakuhusu.

Watasema RAID si bakapu. Ni kweli, na Juni 2021 wenye WD My Book Live, diski za nyumbani zinazounganishwa na mtandao, walipoamka wakakuta vifaa vyao vimefutwa kupitia intaneti, hakuna RAID ambayo ingewasaidia. Lakini mtu aliyepoteza kifaa leo hahitaji hotuba hiyo leo. Mpe faili zake kwanza.

Hasira yangu iliyobaki ni ya watengenezaji. Synology angalau wameeleza wenyewe jinsi ya kusoma diski zao kwa kompyuta ya Ubuntu, na nawapa heshima yao kwa hilo. QNAP wameibadilisha LVM kwa namna yao, na modeli nyingi zinakataa kufunguka kwenye Linux ya kawaida. Drobo walienda mbali zaidi: mpangilio wao wa diski ulikuwa siri ya kampuni. Kampuni mama, StorCentric, ikaomba ulinzi wa mufilisi Juni 2022, na mwaka 2023 ikaingia kwenye kufilisiwa kabisa. Wenye visanduku vile wakabaki na diski nzima ambazo Linux ya kawaida haijui kuzisoma, na kampuni ya kuuliza haipo. Diski ni zangu, faili ni zangu, kisanduku nimekilipia. Kila mwongozo wa NAS uwe na ukurasa mmoja unaosema data imepangwaje, na amri zipi zinaisoma bila kisanduku hicho. Na wahudumu wa wateja wafundishwe ukurasa huo kabla ya kukabidhiwa simu.