Chakula cha mtoto Nairobi kipo, kinachokosekana ni wakati wa mama

Mmoja wetu anaporudi Nairobi kutoka ughaibuni, sanduku lake halikosi fungu la watoto: chokoleti, biskuti, juisi za paketi, na mara nyingine makopo ya maziwa ya unga kwa ajili ya mtoto mchanga aliyezaliwa karibuni katika ukoo. Zawadi hizo hutolewa kwa mapenzi na kupokelewa kwa shukrani, lakini nyuma yake kuna dhana ninayotaka kuipinga waziwazi, kwamba watoto wa ng'ambo wana afya kwa sababu chakula cha ng'ambo ni bora kuliko cha kwetu. Mimi ni mzaliwa wa mtaa wa Umoja, Nairobi, naishi Birmingham na ninalea wanangu huku, na naamini kwamba jambo ambalo Uingereza inatushinda katika malezi ya mtoto mdogo halimo jikoni.

Mtoto wa familia yenye kipato kidogo huku hushibishwa kwa mkate mweupe, chipsi, soseji na vinywaji vya sukari, kwa kuwa hivyo ndivyo vyenye bei nafuu na visivyohitaji mapishi. Tangu miaka ya 2000 shule za msingi za hapa hupima uzito na urefu wa watoto wanapoanza masomo wakiwa na miaka 4 au 5, na tena wanapokaribia kumaliza wakiwa na miaka 10 au 11. Vipimo hivyo vinaonyesha kwamba katika mwaka wa mwisho zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano ana unene wa kupindukia, na kwamba kiwango cha mitaa maskini ni zaidi ya mara mbili ya kile cha mitaa yenye nafasi. Kodi ya vinywaji vyenye sukari nyingi ilianza Aprili 2018, na watengenezaji wengi wakapunguza sukari ili kuikwepa, hatua ambayo Kenya ingefaa kuiiga.

Ukisimama mbele ya kibanda cha mama mboga yeyote wa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, utaona ndengu, maharagwe, mboga za majani kama managu na terere, viazi vitamu, parachichi, mayai, na omena (dagaa wadogo) wakavu wanaopimwa kwa mkebe. Omena huliwa wazima pamoja na mifupa yao, kwa hiyo wakisagwa na kutiwa katika chakula cha mtoto humpa protini, madini ya chuma, zinki na kalsiamu kwa mara moja. Sijaona duka la jirani huku Birmingham linalouza vitu hivyo vyote katika hatua tatu.

Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 26, na kushuka huko ni kazi kubwa inayostahili sifa, lakini bado idadi hiyo inakaribia mtoto mmoja kati ya watano. Mtoto hudumaa, yaani huwa mfupi mno kwa umri wake, kutokana na lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, hasa kuhara, katika zile siku 1,000 za tangu mimba kutungwa hadi atimize miaka miwili. Katika kipindi hicho hicho ubongo wake unajengwa, na kinachopotea ni vigumu kukirudisha baadaye.

Udumavu una hila moja: hauonekani. Mtoto aliyekonda hadi mbavu zikahesabika, au aliyevimba miguu kwa kwashiakoo, hukimbizwa hospitali, na utepe wa kupimia mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5 mhudumu anajua la kufanya. Mtoto aliyedumaa hucheza na kucheka, mashavu yake yamejaa, na shangazi zake husema amenona. Akiwa na miaka miwili ana kimo cha mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na watu husema amefuata ufupi wa babu yake. Nimefungua vitabu vya kliniki vya watoto wa jamaa zangu, na katika vingi ukurasa wa uzito umejaa nukta zilizounganishwa kwa kalamu ya buluu, mwezi baada ya mwezi, hadi chanjo ya surua, ilhali ukurasa wa urefu ni mtupu. Foleni ni ndefu, muuguzi ni mmoja, na kumnyoosha mtoto anayelia juu ya ubao wa kupimia kunahitaji watu wawili.

Sasa niseme ninachokiona kuwa kiini cha jambo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo, lakini mwanamke anayefua nguo majumbani au anayechambua mitumba katika soko la Gikomba kwa malipo ya siku hana wa kumpa likizo hiyo. Wiki chache baada ya kujifungua anarudi kazini, na mtoto anabaki kwa jirani anayelea watoto wengi katika chumba kimoja cha mabati. Nimeketi katika chumba kama hicho Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Kila mtoto alikuja na mfuko wake: chupa ya uji mwepesi uliopikwa alfajiri, kipande cha mkate, chai ya maziwa. Mlezi, mama mpole na mwenye subira, aliwanywesha kwa kikombe kimoja, kwa kuwa maji ya kuoshea vyombo hununuliwa kwa mtungi. Uji mwepesi hujaza tumbo bila kutia nguvu, chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na kikombe kile husambaza kuhara. Mama wa mmoja wa watoto hao alinieleza vizuri kabisa kwamba mtoto anahitaji yai na omena. Maarifa alikuwa nayo. Saa za kukaa chini na kumlisha mwanawe kijiko kwa kijiko ndizo hakuwa nazo.

Huku Uingereza mama aliyeajiriwa ana haki ya likizo ya hadi wiki 52, na kwa kawaida wiki 39 kati ya hizo zina malipo, ingawa si makubwa. Pamoja na muda wote huo, utafiti wa 2010 ulikuta kwamba asilimia 1 tu ya watoto walikuwa bado wananyonya maziwa ya mama pekee walipofika miezi sita. Nchini Kenya, ule utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 60 ya watoto walio chini ya miezi sita wakinyonyeshwa bila kupewa kitu kingine. Vipimo hivyo viwili havilingani sawasawa, lakini pengo ni kubwa mno kulipuuza. Mama wa Nairobi anafanya mengi zaidi kwa muda mchache zaidi. Ndiyo maana makopo yale ya maziwa ya unga yananiuma, hasa yanapokwenda katika nyumba isiyo na maji safi ya kuyakorogea. Fedha hizo zingetumwa kwa simu kila wiki, zingefidia vibarua ambavyo mama angevikosa akibaki na mwanawe.

Uzito unaokuja baadaye nao unanitia hofu. Mtafiti David Barker alifuatilia kumbukumbu za wanaume waliozaliwa Hertfordshire, Uingereza, kati ya 1911 na 1930, na mwaka 1989 akaonyesha kwamba waliokuwa na uzito mdogo utotoni ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo ukubwani. Mwili uliozoea uhaba hauhimili wingi. Mtoto anayedumaa leo Kayole atakuwa kijana katika jiji lenye chipsi na soda kila kona, na hapo kisukari na shinikizo la damu humfikia mapema.

Mwaka 2013 serikali ilifuta ada za kujifungua katika hospitali za umma, na tangu 2023 mpango wa Dishi na County huwapa wanafunzi wa Nairobi chakula cha mchana kwa shilingi 5. Nauunga mkono kwa moyo wote, ila unamfikia mtoto siku 1,000 zikiwa zimekwisha pita. Katikati, kati ya wodi ya wazazi na lango la shule, familia ya kibarua haina kitu. Mpango wa NICHE, ulioanzia Kitui, umezipa familia zenye wajawazito na watoto wadogo nyongeza ya fedha pamoja na ushauri wa lishe. Naomba mpango wa namna hiyo uletwe Mukuru, Mathare na Kayole, uanze mama akiwa mjamzito na kuendelea hadi mtoto atimize miaka miwili, na walezi wa vile vyumba vya mabati wasajiliwe, wafundishwe, na wapelekewe maji.